Sahani za Shangazi Verlene

Ukutani pa jiko la shangazi Verlene,
Ohio, nyumba ya tatu kutoka mtoni,
zimetundikwa sahani sita za kauri
zenye nyuso za marais, kingo zake dhahabu ya uongo.
Alizinunua kwa posta, moja moja,
na kila Novemba, siku ya bata mzinga,
mmoja wetu hupanda ngazi, tukazipanga upya.

Sheria ni yake: juu kabisa, karibu na saa,
hukaa aliyetenda.
Chini, jirani na jiko, mafuta yanakorukia,
hukaa aliyeahidi.

Mjomba Delmar huanza, uma mkononi:
"Wa kwanza huyu. Enzi zake kiwanda cha matairi
kilipiga king'ora mara tatu kwa siku,
nikanunua lori jipya."
"Kwa mkopo," anasema shangazi, hageuki.
"Na mkopo ulikushinda enzi za nani?"
Delmar anaitazama sahani ileile,
kisha anaomba chumvi.

Dada yangu Corinne ni muuguzi wa zamu ya usiku.
Hajali hotuba, hajali nani alisimama vizuri penye bendera.
Yeye huuliza chupa ya insulini iliuzwaje,
na mwezi gani mgonjwa wake wa chumba cha tisa
alianza kuigawa dozi nusu kwa nusu.
Hilo halimo kwenye redio, ambako wasomi
huwapa marais alama kama watoto wa darasa la nne:
uchumi saba, vita tano, usemi tisa.

Binamu Tobias, aliyerudi na sikio moja linalosikia,
hapangi. Ananyoosha kidole tu:
"Huyu alinipeleka.
Huyu aliniacha hukohuko.
Huyu alinirudisha.
Ndege ilikuwa ileile."
Kwa muda hakuna anayegusa ngazi.

Na mimi? Niliwahi kumpenda mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa.
Nilibisha hodi milango mia mbili kwenye theluji kwa ajili yake,
nikafukuzwa na mbwa wawili na kasisi mmoja.
Leo nikiulizwa, namweka wa pili au wa tatu,
kama mtu anayetaja bei ya koti alilolipia ghali.
Tuliwasifu wagema hawa, kila mmoja kwa zamu yake,
na tembo lao tulilinywa na maji yake.

Kuna msumari wa saba usio na sahani.
Chini yake ukuta una duara jeupe.
Mjomba Emmett, Mungu amrehemu, aliivunja ile
usiku barua ya benki ilipofika.
"Alikuwa yupi?" nilimwuliza shangazi.
"Yule niliyempenda kuliko wote," akasema,
akaendelea kumenya viazi.
Jina hakulitaja. Msumari haung'olewi.

Mwaka huu magoti yake yamekataa ngazi,
wala hakutaka mwingine apande.
Akazishusha zote kwa fimbo ya ufagio,
moyo wangu mdomoni,
akaziosha, akapakua pai ya boga juu yake.
Tukala kuelekea kwenye nyuso:
kwanza paji, halafu sikio, halafu lile tabasamu.
Delmar aliangukiwa na yule asiyemvumilia;
akaacha kipande kizima katikati
asije wakaonana.
Tobias alilamba yake hadi ikang'aa, hakusema ni nani.
Ya sita, tulivyokuwa watano,
ikabaki na mifupa ya bata mzinga.

Usiku nikakausha vyombo.
Ile dhahabu ya uongo imefifia kotekote,
kwa yule wa juu na yule wa mafuta.
Nikazibeba hadi kabatini, kitambaa kati ya moja na nyingine,
na iliyokaa juu ya zote
ni ile iliyochelewa kukauka.